Chipu Kwenye Kabati la Kinyozi

"Chipu isivuke bahari ikiwa hai," sauti ilisema. "Mengine hayatuhusu."

Simu ikakatika.

Sasa jasusi Nagumo alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kinyozi, Osaka, wembe ukimpapasa koo. Chini ya shuka la kunyolea alikuwa na bastola, Walther PPK. Kwa wakati ule haikumfaa kitu.

Tsukada, mlanguzi, alimdhania fundi wa wanunuzi wa kigeni, aliyetumwa kukagua mali. Mali yenyewe ilitosha kiganjani: chipu yenye kidirisha cha kioo, kimezibwa kwa stika nyeusi.

Pembeni, kwenye kiti, alikuwa amefungwa kamba Hibino, mwenye kutunga yaliyomo ndani yake. Miaka miwili kijana huyu aliandika mchezo wa video kwa penseli, amri moja moja, akibana na kufuta mpaka ukaenea kwenye kumbukumbu finyu ya chipu. Hila yake ya kuchora vitu viendavyo kasi ndiyo iliyowatoa udenda wanunuzi hao, watu wa makombora. Makaratasi yake Tsukada aliyachoma. Vidole akavivunja.

"Si umeuona mchezo unavyochezeka?" Tsukada akatamba. "Mali safi, bwana!"

"Nimeuona." Nagumo aliichukua chipu, akabandua stika. "Wakubwa wangu hawataki alama za watu. Na wewe acha kuishikashika na jasho lako. Weka pasafi, mle kwenye kabati la taulo."

Tsukada akaitia. Ndani ya kabati iliwaka taa ya zambarau ya kuua vijidudu.

Hibino akaruka kitini. Mwanga ule ungepenya kidirisha na kufuta kila alichoandika. Yeye alijua. Tsukada hakujua hata chembe.

"We nawe unataka nini?" Tsukada akafoka.

Hibino alimtazama Nagumo, akalitazama kabati. Machozi yakamtoka, lakini siri hakuitoa.

"Maji," alisema.

"Utakunywa kuzimu!"

Kinyozi, mtu wa Tsukada, akacheka, akafuta wembe. Nagumo hakuinuka.

"Na mabega? Kinyozi gani wewe usiyekanda mabega?"

"Lo! Unadeka kama bi harusi," Tsukada alisema, lakini akasubiri. Kinyozi akakanda. Taa ikaila chipu polepole.

Hatimaye Tsukada alitia chipu mfukoni, akashika njia ya bandarini. "Huyo dogo mmalizeni."

Mlango ulifungwa. Kinyozi akamgeukia Hibino na wembe.

Walther ikakohoa mara moja kupitia shuka. Kinyozi akaanguka.

Nagumo akatoa redio. "Inavuka. Maiti."

"Na Tsukada?" sauti ile ikauliza.

"Anawauzia wale jamaa chipu tupu. Wakiijaribu tu, kwisha habari yake."

Alimkata Hibino kamba. "Uko huru."

"Nakala ilikuwa moja tu!" Hibino alilia, vidole vikining'inia. "Ungewaachia. Angalau kuna mtu angeucheza mchezo wangu."

Nagumo alijifuta povu sikioni, akavaa kofia, akatoka.

Mlango wa pili, kwenye ukumbi wa michezo ya video, watoto walikuwa wakishangilia mchezo wa mtu mwingine.