Samaki Asiyegeuzwa

Siku ya kwanza Zulfa alidhani ni paka. Sahani ilikuwa sakafuni, katika chumba cha marehemu mdogo wake, imefunikwa kwa kawa, na chini ya kawa samaki alikuwa ameliwa. Lakini paka gani hufunua kawa, akala, kisha akafunika? Tena samaki hakugeuzwa. Upande wa juu ulikuwa umemalizwa, uti wake umenyofolewa mzima na kulazwa ukingoni mwa sahani, halafu upande wa chini ukaliwa vilevile ulivyolala. Katika nyumba ile ya mtaa wa Chuno, Mtwara, aliyekula hivyo alikuwa mmoja tu, na mto Ruvuma ulimchukua miezi miwili iliyopita.

Shafii alikuwa na miaka kumi na tisa. Mtumbwi wao ulipinduka pale mto unapoingia baharini. Wenzake watatu wakaogelea hadi kwenye mikoko, yeye hakuonekana tena. Wakamtafuta siku tisa. Mwisho wakamsalia sala ya ghaibu, hitima ikasomwa, arobaini ikapita, na mama yao, Bi Tabu, akabaki hana hata kaburi la kulitembelea. Watu wa msibani walisema atazoea. Watu wa msibani husema mengi, kisha huchukua sufuria zao wakaenda makwao.

Habari ya samaki ilitoka kwa marehemu baba yao, Nuhu, aliyekuwa nahodha. Alimkataza mwanawe wa kiume kumgeuza samaki sahanini, eti atapindua chombo baharini. Zulfa, aliyepangiwa shule tangu mdogo, aliachwa ageuze apendavyo. Na shule kweli aliipata. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar es Salaam, anasoma historia ya kale, na mwaka mzima ule, kabla msiba haujamrudisha nyumbani, alikuwa kazama kwenye mambo ya Misri.

Kosa lilikuwa lake. Siku moja kabla ya samaki yule, mama alikuwa ameshinda kutwa bila kufungua mdomo, na Zulfa, kwa kutafuta la kusema, akamsimulia somo lake.

"Walikuwa wanachonga mlango kwenye ukuta wa kaburi, mama. Mlango wa jiwe, haufunguki. Wanaweka chakula mbele yake, wanamwita marehemu kwa jina. Waliamini anapita hapo, anakula, anarudi."

Bi Tabu akainua kichwa. "Na asiyepatikana mwili?"

"Jina lilikuwa muhimu kuliko vyote. Likitajwa, mtu yupo."

Msomi wetu alifurahi kumsikia mama yake akiuliza kitu. Hakujiuliza anaulizia nini.

Kesho yake Bi Tabu alichukua kipande cha mkaa, akachora mlango kwenye ukuta wa chumba cha Shafii, ukuta wa upande wa kusini uliko mto. Kila siku baada ya adhuhuri alipeleka sahani, akaita jina mara tatu, akafunga chumba, akakaa nje kwenye mkeka kusubiri. Akiisha kusubiri huenda kutazama, na akitoka uso wake huwa umechangamka kama wa mtu aliyetoka kupokea mgeni.

Zulfa alikaa naye kwenye mkeka siku ya nne. Jua lilikuwa la utosi, mtaa kimya, bajaji hazipiti. Kwanza ikaja harufu ya matope ya mikoko. Halafu, nyuma ya mlango wa mbao, kitu kikatafuna.

"Unamsikia?" mama alinong'ona. "Ana njaa mwanangu. Kule hawamlishi."

 Meno ya Zulfa yalikuwa yanagongana katika joto lile la Mtwara.

Mgeni akazidi kula. Bi Tabu akampa na fungu lake mwenyewe, kisha akaacha kula kabisa, na kanga zikawa zinamzunguka mara mbili. Siku aliyoanguka jikoni, hospitali walipima kila kitu wakasema huyu mama hana ugonjwa, ana njaa, na akiendelea hivi mwezi hautaisha naye.

Zulfa akaenda Likombe kumfuata Mwalimu Mohamedi, mtu anayefundisha watoto Kurani asubuhi, anaendesha bajaji mchana, na akiitwa husomea watu wenye mashetani. Alikuja, akanusa kizingiti tu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu ni karini," alisema kwa sauti ya chini. "Jini aliyezaliwa naye. Mwenzake amekufa, yeye amebaki hana pa kukaa, nanyi mmemwita. Mlango umeufungua wewe, Bi Tabu, kwa ulimi wako. Wewe ndiye wa kuufunga. Sema huyu si mwanangu, mimi nitasoma na kupaka chokaa. Na jina hilo lisitajwe tena humo chumbani. Anayelitaja amemfungulia."

"Samaki hageuzwi, Mwalimu," Bi Tabu alisema. "Jini gani aliyefunzwa na Nuhu?"

"Karini alikuwepo Nuhu akifundisha. Anajua yote."

"Basi siku akigeuzwa nitasema. Hajageuzwa."

Zulfa alilala na neno hilo, akaamka nalo. Mchana, sahani ikiwa imeshapelekwa, mama alipokwenda kutawadha, alifungua mlango wa mbao akaingia. Harufu ya matope ilimpiga, sakafu ilikuwa na nyayo za maji zilizotoka ukutani hadi kwenye sahani na hazikurudi, na ule utafunaji, uliokuwa ukisikika mpaka alipoweka mguu ndani, ulinyamaza karibu kabisa na sikio lake, hata akahisi pumzi ya baridi yenye chumvi ikimshukia shingoni, naye akapiga magoti hivyohivyo, akafunua kawa, akamwona samaki aliyeliwa upande wa juu tu, akamshika mkia akamgeuza, akafunika, akatoka kinyumenyume akilia bila sauti kwa sababu hakuna aliyemgusa wala kumzuia.

Mama alifunua kawa, akainama juu ya sahani.

"Amegeuza," alisema. "Mwanangu hawezi kugeuza. Huyu si mwanangu." Kisha akalia kile kilio ambacho hakukilia siku ya msiba, maana siku ile alikuwa bado anasubiri. Mwalimu Mohamedi akaitwa, akasoma hadi alaasiri, ukuta ukatikisika mara moja, na chokaa ikafunika mlango wa mkaa.

Jioni ile Bi Tabu alikula. Siku ya tatu akaomba aongezwe. Walikuwa wawili kwenye sinia moja, na Zulfa alikuwa anamtazama tu mama yake akitafuna, moyo umemjaa, mama alipouliza, "Hao watu wako wa Misri, aliyefungiwa mlango anakula wapi?"

"Hawakuandika, mama."

Walikuwa wameandika. Waliandika kwamba mfu asiyelishwa hufa mara ya pili, na kwamba hicho ndicho walichokiogopa kuliko kifo chenyewe.

Zulfa akainuka, akaenda chumbani kuchukua sahani iliyosahaulika. Chokaa ilikuwa imekauka ukuta mzima, isipokuwa pale palipokuwa na mlango. Pale palikuwa pabichi bado, na maji membamba yalikuwa yakiteremka. Akagusa kwa kidole, akaonja chumvi.

"Dada," sauti ilisema ndani ya ukuta, taratibu, bila hasira yoyote. "Mbona ulimgeuza?"

Karini angejua kuuliza hivyo. Shafii naye angejua. Zulfa aliiweka sahani chini, akayakumbuka maneno ya Mwalimu yote, neno kwa neno, na akamkumbuka mama yake kule sebuleni akila. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Akajiziba kwa muda mrefu, mpaka sauti ikaita tena, ndogo zaidi, kama ya mtu anayeondoka.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, Shafii."

Kule sebuleni mama yake aliacha kutafuna, akauliza anaongea na nani.