Wiki Tatu za Omaha

Makambako ya mwaka 1956 ilikuwa njia panda yenye vumbi na maduka machache, lakini siku ya gulio ungedhani Tanganyika nzima imeshukia hapo. Malori ya Iringa, Mbeya na Njombe yalisimama pua kwa pua, na wauza viazi walipiga kelele kushinda injini. Kwenye baraza la duka moja Dorika, binti wa kijiji cha Kifanya, alikuwa akikanyaga cherehani, gauni lake la manjano limembana kiunoni kwa makusudi, ndipo mtu akamkingia mwanga.

"Kamwene, dada. Unaweza kulipunguza hili?"

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, na mkononi koti zito jeusi. Dorika alilipima koti kwa macho, halafu akampima mwenye koti.

"Hili mngelivaa wawili, mwalimu."

"Umejuaje kuwa mimi ni mwalimu?"

"Una chaki mpaka kwenye nyusi."

Akacheka. Jina lake Filbert, alikaa mtaa wa Mjimwema, Njombe, akifundisha hukohuko. Koti alipewa na misheni kwa sababu mwezi wa kumi angekwenda Amerika, mji uitwao Omaha, wiki tatu tu, kuwatembelea Wakristo waliokuwa wakiisaidia shule yake. Dorika akamwambia koti litakuwa tayari Jumamosi. Lingeweza kuwa tayari siku ileile, ila moyo wake ulishaitaka Jumamosi.

Jumamosi zikafuatana. Filbert alikuja na ratiba iliyopigwa chapa na wenyeji wake wa huko, wakaitandika juu ya meza ya kukatia nguo, wakaisafiri siku kwa siku. Jumatatu ya kwanza, shule. Jumanne, mnada wa ng'ombe ambao walisema huwezi kuuona mwisho wake. Alhamisi ya pili ilikuwa tupu.

"Hiyo utafanya nini?" Dorika aliuliza.

"Nitakaa kando ya ule mto wao, nikuwaze."

"Kwenye baridi?"

"Si umenitengenezea koti, mpenzi?"

Mwanamume mwenye safari mbele yake hupendeza kuliko alivyo, na mwanamke anayemsaidia kuipanga huanza kudhani naye anasafiri. Dorika alimshonea mashati mawili. Akamwandikia na mambo ya kumchunguzia: wanawake wa huko hukunja pindo namna gani, mkate wao una ladha gani. Alimpenda, na hakuona haya kulijua hilo.

Mwezi wa nane Filbert alimposa, tena kwa haraka. Baba yake Dorika alisema mbio hizo hazina adabu, lakini akaridhia. Ndoa ingefungwa kabla ya safari, na matangazo yangesomwa kanisani Njombe Jumapili tatu, kama ilivyo desturi. La kwanza likasomwa. La pili likasomwa.

Jumanne iliyofuata Efraimu, karani wa kamati ya kanisa, aliteremka kwenye lori, akaja barazani kumpongeza.

"Umemwokoa mwenzio, dada. Kamati ilishamwambia, kapera hatumtumi. Tulimtuma mmoja, akapotelea hukohuko. Mtu aache mke nyumbani, ndipo tujue atarudi."

"Walimwambia lini?"

"Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu."

Filbert alikuwa amemposa Jumapili iliyofuata Ijumaa hiyo. Dorika aliiacha nguo kwenye cherehani, akaenda kuomba simu kituo cha petroli. Ilipita karibu saa nzima mpaka Filbert akaitwa kwenye ofisi ya misheni.

"Ni kweli habari hii ya kamati?"

Waya ulikwaruza. "Nilikusudia kukuoa, Dorika. Wao wamenikimbiza tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeona nakuoa kwa ajili ya safari."

"Na sasa unadhani naona nini?"

"Mpenzi, ni wiki tatu. Nikirudi utakuwa umesahau."

"Basi uende bila kuoa. Ukirudi, unioe."

"Hawatakubali."

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Dorika alisubiri aseme kwamba atawauliza, akasubiri mpaka mwenye simu akaanza kukohoa. Kisha akakata.

Jumapili ya tatu alikwenda Njombe, gauni la bluu, kitambaa cheupe kichwani. Mchungaji alisoma majina, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Swali hilo huulizwa huku watu wakitafuta wimbo unaofuata vitabuni. Dorika akasimama.

"Ninalo, baba mchungaji."

"Dada, wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiyo. Sikatai kuolewa. Nakataa kufungwa kigingini kama mbuzi ili mtu mwingine asipotee. Na aende. Akirudi kwa miguu yake, nipo."

Upande wa wanaume Filbert aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka baraka.

Kamati haikutaka kubahatisha. Nafasi alipewa Kefa, mwalimu mwenye mke na watoto wanne. Njombe nzima ilimsema Dorika, na mama yake alimnunia wiki mbili.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa Filbert alikuja Makambako, amekonda. Dorika alisimama, maana maneno yake aliyaandaa siku nyingi.

"Nisamehe kwa aibu ya kanisani. Lakini sasa huna safari wala kamati. Niulize leo, Filbert. Nitakubali kabla hujamaliza."

Machozi yalimlengalenga Filbert. "Nilikupenda, Dorika. Ningerudi, haki ya Mungu."

"Najua. Basi niulize."

"Siwezi. Kila nikikutazama naiona Omaha."

Alimshika mkono, akauachia, akaenda kupanda lori la Njombe. Dorika aliketi, akalia mchana kweupe mbele ya wateja, wala hakujifunika uso. Alitaka kujua kama anapendwa, na sasa amejua: Filbert alimpenda kweli, ila ile safari ya wiki tatu aliipenda zaidi.