Usiyaokote Matawi

Jua lilikuwa linagusa maji nilipotoka kwenda kununua samaki, migebuka. Mwenyeji wetu, Mama Rhoda, alikuwa ameinjika sufuria ya ugali. Binti yangu Getruda, mwenye miaka tisa, alikuwa anacheza uani. Alikuwa anaimba. Nilisimama kidogo nikamsikiliza, kwa sababu tangu mama yake afe hakuwa ameimba.

Kijiji kile nilikichagua mwenyewe. Nyumba yetu ya Laela iko kando ya barabara kuu, na kila lori lilipopita Getruda aliziba masikio akaingia chini ya kitanda. Alikuwa hali chakula. Alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Likizo ya Juni ilipofika nikatafuta mahali pasipo na gari. Matai kuna mabasi. Bondeni kuna malori ya mpunga. Shemeji yangu Felisian akasema, "Mpeleke ziwani, mbele ya Kasanga. Kule hata baiskeli ni hadithi." Tukaenda kwa mtumbwi wa kasia, maana hata injini ya boti ingemtesa.

Mama Rhoda alitupokea kwa kicheko. "Baba Getruda, kwetu hapa ajali kubwa ni mbuzi kukanyaga kuku."

Lazima niseme kilichotokea Laela. Mungu ananiona.

Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi. Mke wangu Coleta alikuwa anarudi kwa bodaboda, giza linaingia. Lori lililoharibika lilikuwa limesimama barabarani bila taa. Mnajua desturi: gari likiharibika, dereva hukata matawi, akayapanga nyuma ya gari kwa hatua, ili anayekuja apunguze mwendo. Nyuma ya lori lile hapakuwa na tawi hata moja. Nilisikia kishindo nikiwa nyumbani: bodaboda imeingia chini ya bodi la lori. Coleta alikufa palepale, na Yonas aliyekuwa anaiendesha.

Watu walimburuta dereva kutoka kwenye kabini. Kijana wa Mbeya, Atusaye. Alipiga magoti.

"Niliweka matawi, jamani! Ya mkaratusi! Mungu ananiona!"

Mimi ni katekista. Niliokota spana ya magurudumu nikampiga mdomoni, asimtaje Mungu. Nikampiga tena. Taya lilivunjika kama muwa. Wengine wakamalizia kwa mawe. Polisi walipouliza, hakuna aliyejitokeza. Mimi nilikuwa naandaa mazishi.

Basi, jioni ile ya ziwani nilinunua migebuka mitatu, nikageuka kurudi. Upepo ulikuwa umetulia.

Nikasikia harufu.

Mkaratusi. Harufu ya kwetu nyanda za juu. Kijiji kile hakikuwa na mkaratusi hata mmoja.

Tawi lilikuwa limelazwa katikati ya njia. Bichi. Hatua ishirini mbele, tawi jingine. Halafu jingine...

Kra.

Mtu alikuwa ameinama mbele yangu, analaza tawi chini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Shati lake lilikuwa limekauka damu mgongoni. Hakugeuka.

"Polepole, mzee," alinong'ona. Maneno yalitoka yamelegea, kama ya mtu asiye na taya. "Mbele kuna ajali."

Nilifumba macho nikaanza Salamu Maria. Sikufika katikati. Nilipofumbua, palikuwa na tawi tu.

Nikakimbia. Migebuka iliniponyoka. Matawi yalifuatana njia nzima, yakielekea nyumbani kwa Mama Rhoda, lakini nilipoliona paa yakakoma. Kwenye mchanga palibaki alama za majani yaliyoburutwa.

Na nyayo ndogo.

Getruda alisimama uani, amekumbatia mzigo wa matawi. Alikuwa anatabasamu.

"Baba, nimekuokotea. Mazuri kama yale ya Laela."

"Yapi ya Laela, mwanangu?"

"Ya barabarani. Si ulituambia kanisani kila mtoto aje na tawi la kijani? Niliyakuta yamelala tu. Nikachukua yote."

Nikaukumbuka mzigo wa mkaratusi uliokauka nyuma ya nyumba yetu wakati wa msiba. Nilidhani umeletwa na waombolezaji.

"Yatupe! Getruda, yatupe!"

Hapakuwa na injini. Hapakuwa na taa.

Kishindo kilikuwa kilekile cha Laela, cha bati na mfupa. Mtoto aliinuliwa akarushwa ukutani. Udongo ulimwagika. Alipoanguka, mguu wake ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti, na damu ilimtoka puani na masikioni. Mama Rhoda alisimama na mwiko mkononi, mdomo wazi. Kwenye mchanga hapakuwa na alama yoyote.

Hospitalini daktari alimgusa kifua, akaniangalia.

"Gari gani limemgonga?"

"Kule hakuna gari, daktari."

"Mzee, usinifiche. Hizi mbavu zimegongwa na gari."

Tukaletwa Sumbawanga mjini. Wiki ya pili alikuwa bado anapumua, na niliungama kwa padri. Akaniambia niende polisi, kisha kwa mama yake Atusaye, nipige magoti. Nikasema nitakwenda mtoto akishapona.

Jana jioni nilitoka kuchukua uji wake. Niliporudi nikaisikia ile harufu. Langoni, tawi. Kwenye ngazi, tawi. Nikapanda mbio.

Koridoni halikuwepo hata moja. Mwanamke wa usafi alikuwa anakuja kutoka upande wa wodi yetu, mikono imejaa majani.

"Sijui nani ananichafulia korido," alisema.

"Dada, yarudishe. Nakuomba. Yarudishe yalipokuwa!"

Akacheka. "Mzee wangu, Jumapili ya Matawi si ilishapita?"

Nyuma yake mlango wa wodi ulikuwa wazi. Getruda alikuwa ananitazama.

Akaziba masikio.