Mayai Matatu Nyuma ya Kigari

Kila asubuhi Taimi alikuwa akiamka kabla ya mdogo wake, akapika uji wa shayiri na kuweka kipande cha siagi katikati, kiyeyuke kama jua dogo. Wakishakula, walifanya mazoezi. Oiva alilala chali sakafuni, akainua mguu mmoja na kuushusha, kisha wa pili, huku akihesabu mwenyewe.

"Umeruka saba," Taimi alisema asubuhi moja.

"Saba imechoka, Dada. Nimeiacha ilale."

Oiva alikuwa na miaka saba, na tangu alipopasuliwa mgongo wakati wa theluji alivaa mkanda mgumu kuanzia kwapani hadi kiunoni. Mfupa ulikuwa unaunga vizuri. Daktari alikuwa na sharti moja tu: mtoto asitikiswe.

Baada ya mazoezi, Taimi alikwenda kwenye banda la kuni nyuma ya sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke. Humo ndimo kilimokaa kigari chake, alichokiunda kwa vyuma vya kitanda cha zamani na injini ya pikipiki ndogo iliyokufa magurudumu. Kijijini kwao, mkesha wa sikukuu ya Juhannus, watoto huteremka ziwani kwa msafara wa vigari walivyounda wenyewe, wakubwa wakiwabeba wadogo nyuma, hadi ufukweni panapowashwa moto mkubwa wa katikati ya kiangazi. Mwaka uliopita, mgongo ukiwa umemlaza kitandani, Oiva aliuona moshi wake tu, kupitia dirisha la chumba cha kulala. Mwaka huu hakuomba baiskeli wala peremende. Aliomba kwenda.

"Barabara ile inanitikisa mimi ndani ya gari la posta," Mama alisema. Yeye alisambaza barua, na alilijua kila shimo lililoachwa na barafu. "Sembuse mtoto aliyekalia chuma kitupu."

"Nikikiwekea springi nyuma je?" Taimi aliuliza.

Mama alimaliza kahawa yake kwanza. "Weka mayai matatu kwenye kiti cha Oiva. Nenda nayo mpaka kwenye sanduku la barua, urudi. Yakirudi mazima, nitamkalisha Oiva mwenyewe kwa mikono yangu."

Taimi alianza kazi. Kabla shule hazijafungwa, alikuwa amejifunza kuchomelea chuma katika karakana ya shule, mwalimu akiwa kando yake. Alikata sehemu ya nyuma ya kigari, ile inayobeba magurudumu, akaiunganisha upya na fremu kwa bawaba nene, ili iweze kupanda na kushuka. Juu yake akafunga springi mbili za ile pikipiki. Alipokibonyeza kigari kwa mikono, kilishuka na kuinuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Oiva, aliyekuwa ameketi mlangoni, alicheka kwa furaha. "Kinapumua."

Lakini barabarani mambo yalikuwa mengine. Injini ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya mbele, nayo magurudumu ya nyuma sasa yalicheza. Kila gurudumu liliporuka juu ya tuta, cheni iliyotoka kwenye injini hadi magurudumuni ililegea ikachomoka. Taimi aliikaza. Safari hii haikuchomoka, ila ilivuta sehemu ya nyuma kwa nguvu hata springi zikashindwa kucheza. Alipoilegeza, ikachomoka tena.

Veeti, mvulana wa jirani, alikuwa amekaa juu ya uzio akila kitunguu kibichi kama tofaa.

"Fundi, hicho ni kigari au bado ni kitanda?"

"Kitanda angalau kina faida. Uzio umekaliwa na wewe bure," Taimi alijibu.

"Mkesha ni keshokutwa, lakini." Veeti hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

Jioni hiyo Taimi aliikaza cheni mpaka mwisho. Kisha aliingia jikoni Mama akiwa bustanini, akatoa mayai matatu, akayachemsha mpaka yakawa magumu, akayapoza kwa maji na kuyarudisha kwenye bakuli.

Asubuhi, Mama alisimama barazani na kikombe chake. Taimi aliweka bakuli kwenye kiti cha nyuma, akawasha injini na kuondoka. Kigari kiliruka njia nzima kama mbuzi. Aliporudi, yai moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Aliligeuza, ufa ukatazama chini.

Mama alichungulia bakuli. Akamkumbatia binti yake kwa mkono mmoja, akayapeleka mayai jikoni. Taimi alitamani asingekumbatiwa.

Alimkuta Oiva bandani, amekikalia kiti cha nyuma, mikono imeshika fremu pande zote mbili.

"Unafanya nini?"

"Najizoeza kushika." Oiva alinong'ona. "Nilikuona jana unachemsha mayai, Dada. Sitasema. Na kesho kikiniumiza sitalia. Nitauma kola ya shati, hivi." Akaonyesha.

Taimi alitazama kola ile iliyoloa mate. Akakaa juu ya magogo. Alikuwa ameunda kigari hiki ili mgongo wa Oiva usiumie. Sasa Oiva alikuwa anajifunza kuumia kimya ili kigari kisiaibike.

"Teremka," alisema. "Polepole. Nishike shingo."

Walipoingia jikoni, Mama alikuwa amepima unga wa chapati za maji za sikukuu. Yai la kwanza lilikuwa tayari mkononi, juu ya ukingo wa bakuli.

"Mama, usilivunje. Limechemshwa. Yote matatu." Taimi alisema. "Springi hazifanyi kazi. Cheni inazizuia. Nilikudanganya."

Mama aliligonga yai hata hivyo. Akalimenya taratibu, akalitazama lilivyokuwa jeupe na gumu. Akavuta kiti akaketi.

"Ningemkalisha," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa mikono yangu mwenyewe. Unaelewa hilo?"

"Ndiyo, Mama."

Hakufoka. Alimkatia kila mmoja kipande cha yai, akakitia chumvi, wakala wote watatu. Kisha akainuka. "Haya. Mazulia hayajafuliwa na sikukuu imefika. Twende."

Walifua mazulia gatini, kando ya ziwa, kwa sabuni ya lami ya msonobari, wakiyasugua kwa brashi mpaka povu likawa jeusi. Zulia la ukumbini lililoloa maji lilikuwa zito kama ndama. Mama alishika ncha ya mbele, Taimi ya nyuma, wakaanza kupanda kilima. Mama alikanyaga jiwe akainuka, zulia likavutika, nusura limponyoke Taimi. Taimi naye alipopanda jiwe hilo, zulia likalegea katikati na kuburuza mchangani.

"Tupande pamoja," Mama alisema. "Mmoja akipanda na mwingine akibaki chini, litatusumbua mpaka nyumbani. Moja, mbili, haya."

Walipanda pamoja. Zulia halikuvutika wala kulegea.

Taimi alisimama ghafla. "Mama, ni cheni."

"Ni zulia, mwanangu, na linanivunja mikono."

"Injini imebaki chini. Magurudumu yanapanda, injini haipandi. Nikiifunga injini kwenye sehemu ya nyuma, kila kitu kitapanda pamoja."

Mama aliliweka zulia juu ya nyasi. "Kamwite yule anayekaa juu ya uzio. Injini itahitaji mtu wa kuishikilia."

Veeti alikuja na spana za baba yake, akashikilia injini huku akilalamika kwamba vidole vyake si vya bure. Walitoboa bamba la chuma, wakalifunga kwa bolti nyuma ya bawaba, wakakalisha injini juu yake. Sasa gurudumu lilipopanda, injini ilipanda nalo, na cheni ikabaki vilevile. Mama aliyavunja mayai mawili mabichi kwenye unga mbele yao, ili waone yametoka kikapu gani. Mengine matatu ya kikapu hichohicho akayaweka kitini kwa mkono wake.

Safari ya kwanza moja lilipasuka. Wakalegeza springi kidogo, wakarudia. Yakarudi mazima.

Mkesha wa Juhannus, msafara ulishuka taratibu. Taimi aliendesha akiwa wa mwisho, Oiva nyuma yake amefungwa kitini kwa mkanda, yai moja bichi viganjani. Kila tuta Taimi aliuliza, "Vipi?" na kila mara akajibiwa, "Kinapumua." Kola ya shati ilikuwa kavu.

Ufukweni, Mama alikuwa amekwishaweka kikaango juu ya makaa. Oiva alimpa yai. Mama akaligonga ukingoni mwa bakuli la unga, ute na kiini vikamwagika ndani, vibichi kabisa.

"Yai gumu huficha barabara ilivyo," Mama alisema, akimsogeza Taimi karibu naye. "Kitu kikikushinda, binti yangu, sema, 'Kimenishinda.' Ukikificha, utakibeba peke yako, na atakayeumia ni yule anayekupenda. Ukikisema, tutakishika ncha zote mbili tupande nacho."

Oiva alinyoosha sahani yake. "Na ya Veeti iwe kubwa," alisema. "Vidole vyake si vya bure."