Mia Moja Juu ya Jina la Nangai

Kila asubuhi kabla ya shule, Pungodi alipeleka hekaluni shada la jasmini la nyanya yake, na kila asubuhi wauza maua wa langoni walimchelewesha kwa umbea. Jumatatu ile umbea ulikuwa mmoja tu.

"Kuna mtoto kakwaruza ukutani alama za mtihani anazomwomba mungu ampe, juu ya maandishi ya kale."

"Nani kama si Vasuki? Yule hata dawati la shule kalikwaruza, hakulihurumia."

Pungodi akakaza mwendo.

Darasani, Mwalimu Maragadam alitundika karatasi kubwa. Jumamosi yeye na wanafunzi waliilowesha, wakaigandamiza kwa brashi kwenye ukuta wa hekalu, wakaipaka wino. Maandishi yote yaliyochongwa yalitoka meupe. Katikati yake ilisomeka: 100.

"Mwanamke huyu, Nangai, alitoa kondoo tisini," alisema mwalimu, "ili samli yao iwashe taa ya hekalu isizimike. Jina lake limedumu miaka elfu. Sasa nusu yake imeliwa na sifuri mbili. Vasuki?"

"Mwalimu, mimi niandike mia? Ningeomba arobaini tu, nishukuru."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Hutakwenda nasi kunakili maandishi ya ukuta wa kaskazini mpaka mhusika ajulikane."

Vasuki akainamisha kichwa. Hakuna aliyeipenda kazi ile kumshinda.

Mchana, Pungodi hakugusa idli zake, vile vitumbua vya mchele vya mvuke. Vasuki akamsogezea chatine yake ya nazi. "Kula, wewe. Aliyeonewa ni mimi, mbona unayenyong'onyea ni wewe?"

Hapo Pungodi alishindwa. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Ni mimi. Kwa msumari, Ijumaa, nyanya alipokuwa akizunguka hekalu. Nilitaka mia ya hesabu."

Mwalimu akamwita Vasuki. Pungodi akaomba radhi huku akilia. Mwalimu naye akaomba. "Nilikuhukumu kwa dawati," alimwambia Vasuki. "Ukuta wa kaskazini, wewe ndiye utakayeshika brashi."

Kisha akafungua kabati, akatoa karatasi kuukuu ambayo mwalimu wake aliinakili ukutani pale zamani. Jina la Nangai lilikuwemo, zima. "Kila Ijumaa, Pungodi, utasimama pale ukutani na karatasi hii, uwasomee watoto wanaokuja na misumari."

"Na kovu la ukuta, Mwalimu?"

"Hilo litabaki. Jiwe la pale ni laini, halisahau. Waliouinua mnara wa hekalu lile hawakuandika majina yao. Waliacha kazi tu. Wewe ulitaka mia bila kuisomea, halafu ukamwachia mwenzako aibu yako. Jiwe siwezi kulirudisha. Ila jina la Vasuki umelirudisha mwenyewe, kwa kusema kweli kabla hujakamatwa. Sasa nenda kaisomee hiyo mia."