Vitabu Themanini na Vinne

Kila jioni, kabla ya kufungua daftari zake, Kiberiti alimsomea mdogo wake kitabu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na aliwaka upesi. Waliketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni ili baba naye asikie. Baba alikuwa mwoka mikate. Alitoka kazini adhuhuri akinukia hamira, akalala kidogo, kisha akapika chakula cha jioni. Mama alikuwa fundi bomba. Yeye alirudi jua likizama, ovaroli imelowa magotini, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, “Leo tunakula nini?”

Mdogo wake aliitwa Kitinda, kwa kuwa alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameanza darasa la kwanza, na kila wiki alirudi na kitabu cha picha kutoka maktaba ya shule. Cha wiki hiyo kilihusu familia. Ukurasa wa kwanza mama alipika, wa pili alifagia, wa tatu aliosha vyombo. Baba alisoma gazeti akingoja chakula.

Kitinda alitazama picha, kisha akamtazama baba yake aliyeshika mwiko.

“Baba, wewe ni mama?”

“Mimi ni baba mwenye njaa,” baba alijibu, na wote watatu wakacheka.

Siku mbili baadaye hakuna aliyecheka. Walikuwa mezani, na Kitinda alizungumza bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake.

“Mama, kesho mchana ukitoka kazini kidogo kuja kunichukua shule, usije na hizo nguo.”

“Zina nini?”

“Wenzangu wanasema mama havai suruali ya matope. Na ni kweli, hata kitabuni hayupo mama wa hivyo.”

Baba alifungua mdomo, lakini mama alimgusa mkono. “Sawa, mwanangu,” alisema, akaendelea kula polepole. Kiberiti alimkanyaga Kitinda mguu chini ya meza. Kitinda akalia, na aliyekaripiwa ni Kiberiti.

Kesho yake saa sita, mwalimu alimtuma Kiberiti ofisini kuchukua chaki. Akipita nyuma ya madarasa, alimwona mama yake amejibanza kati ya ukuta na tangi la maji. Mama alitoa gauni kwenye mfuko wa vifaa, akalivaa juu ya ovaroli, akapandisha suruali mpaka magotini isionekane. Alijifuta uso kwa kitambaa, akachungulia huku na huku kama mtu aliyeiba kitu, ndipo akaenda langoni. Kitinda alimkimbilia kwa furaha.

Kiberiti alisimama palepale. Huyo ndiye mama aliyepanda mapaa ya nyumba za watu kuunga mabomba wakati wa mvua. Huyo ndiye aliyeamshwa na majirani bomba likipasuka. Leo alijificha nyuma ya tangi ili afanane na picha. Damu ilimchemka Kiberiti, na hakukumbuka tena chaki.

Jioni ile alikwenda maktaba. Kitabu cha familia kilikuwa kimesharudishwa. Alikifungua, akatoa kalamu nene nyeusi, akafuta uso wa yule mama wa jikoni. Akafuta uso wa mama wa ufagio, na wa tatu, na wa nne, akikandamiza kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akakirudisha rafuni na kwenda nyumbani. Kwa muda mfupi alijisikia vizuri.

Asubuhi mwalimu wa maktaba aliingia darasani kwao na kitabu kile mkononi. Alikuwa mzee mwembamba ambaye kila kitabu kilichochanika alikibandika gundi kwa mikono yake mwenyewe. Alikifungua mbele yao, ukurasa baada ya ukurasa.

“Nani amefanya hivi?”

Kiberiti alitazama dawati lake. Alitaka kusema, lakini alifunua daftari akajifanya anasoma.

“Mgeni alikuwa maktaba jana jioni,” mvulana mmoja alisema kutoka nyuma.

Mgeni alikuwa msichana ambaye familia yake ilihamia mtaani miaka mitatu iliyopita. Nyumbani kwao walizungumza lugha nyingine, na mama yake alifunga kitambaa chake kichwani kwa namna ambayo watu wa pale hawakuizoea. Miaka mitatu yote hiyo, darasa zima lilimwita Mgeni.

“Nilikuwepo,” Mgeni alisema. “Lakini si mimi.”

“Hao ndivyo walivyo,” mtu alinong’ona, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

“Mpaka ukweli ujulikane,” mwalimu wa maktaba alimwambia Mgeni, “usikanyage maktaba yangu.”

Wakati wa mapumziko Mgeni alimfuata Kiberiti nyuma ya choo cha wasichana, akasimama mbele yake.

“Nilikuona jana,” alisema. “Nilikuona na kalamu yako.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, nani angeniamini? Wewe uliketi pale ukaniacha nibebe mzigo wako. Ulijua watanishuku mimi, ndiyo maana ukanyamaza.”

“Sikujua.”

“Sasa unajua.”

Kiberiti alitafuta la kujitetea. Alitaka kumweleza habari ya mama yake na lile tangi, lakini aliona kwamba hilo halikumhusu Mgeni hata kidogo. Hasira yote aliyokuwa nayo tangu jana ilimgeukia yeye mwenyewe, na hiyo ilikuwa chungu zaidi. Alimpita Mgeni, akaenda moja kwa moja maktaba.

“Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi niliyekiharibu kile kitabu. Mgeni hana kosa.”

Mzee alivua miwani. “Kwa nini ulikiharibu?”

Maneno yalimtoka Kiberiti kwa fujo: gauni, ovaroli, tangi, Kitinda, baba wa kitabuni na gazeti lake. “Kitabu kinasema uongo,” alimalizia. “Kichomwe moto. Vyote vichomwe.”

“Vyote? Umevisoma vyote?”

“Hapana.”

“Basi unapiga kelele bila ushahidi.” Mwalimu wa maktaba alikuwa amekasirika, na hakuficha. “Nimekaa na vitabu hivi miaka tisa. Unaniambia vinadanganya watoto, na umetazama kimoja. Utaomba radhi mbele ya darasa lako. Jumamosi tatu utakuja kukarabati vitabu. Na kila siku baada ya masomo utahesabu. Kila kitabu cha picha katika chumba hiki. Uniletee idadi, si kelele.”

Kuomba radhi mbele ya darasa kulikuwa kugumu, lakini kulipita. Baada ya Kiberiti kuketi, mwalimu wa maktaba naye alisimama. “Na mimi ninamwomba radhi mwenzenu,” alisema. “Nilimhukumu kwa mnong’ono.” Wanafunzi walitazamana, maana hawakuwa wamezoea kusikia mwalimu akikiri kosa.

Alasiri hiyo Kiberiti aliketi sakafuni maktaba na daftari lililochorwa mistari: mama anafanya nini, baba anafanya nini, msichana, mvulana. Alikuwa amefika kitabu cha kumi na moja Mgeni alipokuja kusimama pembeni yake na kulitazama daftari.

“Umesahau kitu,” alisema.

“Kitu gani?”

“Sisi.”

Alikwenda rafuni, akarudi na vitabu vinne bila kuvitafuta sana. Katika kimoja, mtu aliyefunga kitambaa kama mama yake alikuwa mwizi wa kuku. Katika viwili, watu kama wao waliketi kando ya barabara wakiomba. Katika cha nne walikuwa wamepotea njia, na mtoto mwenyeji akawaonyesha.

“Nilivijua tangu mwaka wa kwanza,” Mgeni alisema. “Ule mnong’ono wa darasani unadhani walizaliwa nao?”

Kiberiti alivitazama vile vitabu kwa aibu. Viwili kati ya hivyo alikuwa amewahi kumsomea Kitinda, na cha mwizi wa kuku walikicheka pamoja. Akachora mstari mwingine kwenye daftari. Kisha akamuuliza Mgeni kama angependa aitwe kwa jina lake, na kuanzia hapo akamwita hivyo.

Walihesabu pamoja siku sita. Vitabu vilikuwa themanini na vinne. Mama alionekana katika sitini na kimoja, na katika hamsini na saba kati ya hivyo alipika, alifua, alifagia au alibeba mtoto, basi. Watatu walikuwa walimu, mmoja muuguzi. Baba hakupika hata mara moja. Baba mmoja tu alimbeba mtoto, na mtoto alikuwa analia. Wavulana walipanda miti huku wasichana wakiwatazama kutoka chini. Mtoto mlemavu aliyetembea kwa gongo alikuwa mmoja, na ukurasa wa mwisho alilitupa akakimbia, kana kwamba bila hivyo hadithi isingeweza kwisha.

Mwalimu wa maktaba aliyasoma mahesabu hayo mara mbili. Kisha akalifunga daftari.

“Ijumaa kamati ya wazazi inakutana,” alisema. “Wanataka kununua vingine hamsini kwa muuzaji yuleyule aliyetuuzia hivi. Mtakuja.”

Wazazi ishirini hivi walikaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yamewapanda juu, na mwalimu mkuu mbele yao. Mama yake Kiberiti alichelewa kutoka kazini, akaketi karibu na mlango akiwa na ovaroli yake. Kiberiti alisoma idadi zote, na mwenzake akafungua vile vitabu vinne wote wavione. Mwenyekiti, baba mmoja mnene mwenye sauti ya kupendeza, alitabasamu.

“Wanangu, mmefanya kazi nzuri. Lakini hivi ni vitabu vya watoto tu. Mtoto anatazama rangi, hatazami mambo hayo.”

Kiberiti alishika daftari kwa mikono miwili mpaka hasira ilipotulia.

“Mdogo wangu ana miaka saba,” alisema. “Nyumbani hakuna aliyemfundisha kumwonea mama yetu aibu. Alijifunza hapa shuleni. Na mama yangu sasa anajificha nyuma ya tangi la maji kuvaa gauni kabla ya kumchukua.”

Mama alimtazama binti yake kwa mshangao, kwani hakujua kwamba alionekana.

Mwalimu mkuu alimgeukia mwenyekiti. “Samahani, mwenyekiti. Nyumbani kwako chai ya asubuhi anapika nani?”

“Mimi,” mwenyekiti alijibu. “Mke wangu anatoka mapema. Anaendesha gari la wagonjwa.”

Mtu alianza kucheka, kisha chumba kizima. Mwenyekiti naye alicheka kidogo, halafu akaacha. Alichukua kitabu kimoja, akakifunua taratibu mpaka mwisho.

“Kweli simo,” alisema.

Hawakununua vile hamsini. Walikubaliana kwamba kabla ya kitabu chochote kulipiwa, walimu wawili na wanafunzi wawili watakipitia kwanza, na muuzaji aambiwe sababu kwa barua.

Jumatatu saa sita mama alikuja langoni na ovaroli yake, matope na yote. Watoto wa darasa la kwanza walimzunguka wakitaka kugusa spana kubwa iliyoning’inia kiunoni. Kitinda alisita kidogo, kisha akajipenyeza katikati yao.

“Msiiguse,” alisema. “Ni ya mama yangu.”

Jumamosi ya tatu Kiberiti alikuwa maktaba akibandika karatasi nyuma ya kurasa alizozitoboa. Gundi ilimganda vidoleni.

“Mwalimu, kwa nini tunakitunza? Si ni kibaya?”

“Tukikitupa, kesho nitamwonyesha nani ubaya wake?” Mzee alinyoosha ukurasa kwa kiganja. “Sikiliza. Watu husema hasira hasara. Wewe ulikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nilipaswa kukasirika miaka tisa kabla yako. Lakini ulipoishika kalamu, aliyeumia alikuwa mwenzako asiye na kosa. Ulipokiri na kuhesabu, watu ishirini wazima walibadili mawazo. Ukiona uongo, usiuongezee uongo wako. Lete ukweli, usimame nao.”

Kiberiti alifuta gundi vidoleni.

“Lakini bado nina hasira, Mwalimu.”

“Vizuri,” mzee alisema, akimsogezea daftari. “Vitabu vya kusoma vya darasa la nne hatujavihesabu.”