Kitambaa Juu ya Mashine ya Barafu

Nyumbani kwa akina Noela, kazi ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufuta vumbi. Waliishi Katoro, hatua chache tu kutoka barabara ya Ushirombo, na malori na bodaboda hayakuipa barabara hiyo nafasi ya kutulia. Ukifuta meza, ukaenda kunawa mikono na kurudi, unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Ndiyo maana karibu kila kitu sebuleni kilivaa kitambaa cha kudarizi: redio, televisheni, viti, hata ndoo ya maji ya kunywa.

Kitu kimoja tu hakikuvaa kitambaa. Kilikuwa ni mashine ndogo ya kutengeneza barafu, iliyokaa juu ya stuli karibu na dirisha. Mama Noela aliuza samaki, na tangu aliponunua mashine hiyo hakuhangaika tena kutafuta barafu mjini.

"Usiiwekee kitu juu, wala usiisogeze ukutani," alimwambia Noela siku ya kwanza. "Iache na nafasi ya shubiri moja kila upande. Ndivyo walivyonielekeza dukani."

Noela aliitikia, lakini moyoni aliona mashine inaonewa. Vitu vyote vimependeza, yenyewe iko wazi inakula vumbi! Kwa wiki mbili alikuwa akidarizi kwa siri kitambaa cheupe chenye majani ya kijani. Alitaka kumshangaza mama yake.

Ijumaa moja ya likizo, Mama Noela aliamka alfajiri kwenda kupokea samaki kutoka ziwani. Walikuwa sato wa sherehe ya Vumilia, rafiki wa Noela aliyekaa naye dawati moja. Jumamosi Vumilia angepokea kipaimara kwa askofu, na wageni walikuwa njiani kutoka Bukombe.

"Mama Vumilia ameniamini mimi," alisema Mama Noela akijifunga kanga. "Samaki lazima walale kwenye barafu hadi kesho. Nikirudi nikute deli limejaa, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Noela alijaza maji, na kila mara kikapu cha mashine kilipojaa barafu aliimwaga kwenye deli, lile sanduku la plastiki la kutunza baridi. Saa nne greda likapita barabarani, na vumbi jekundu likaingia dirishani. Noela aliona wakati umefika. Aliisukuma stuli hadi kwenye kona, mbali na dirisha, akaifunika mashine kwa kitambaa chake. Kilining'inia pande zote mpaka kwenye stuli. Alirudi nyuma akakitazama, akatabasamu, kisha akaenda uani kufua.

Aliporudi saa sita alisikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mashine ilikuwa inakoroma. Aligusa kitambaa, kikamchoma vidole. Taa nyekundu iliwaka, na ndani ya kikapu palikuwa na maji matupu.

Noela alichomoa waya kwenye soketi. Alikitoa kitambaa, akairudisha stuli dirishani, akakimbia kukificha kitambaa chini ya godoro. Alisubiri kidogo, akaiwasha tena mashine. Ilikohoa mara moja, taa nyekundu ikawaka, basi. Aliiacha hivyo hivyo kwenye umeme.

Saa saba mama yake aliingia na beseni la samaki, jasho likimtiririka. Alifunua deli. Barafu ilikuwa imefunika chini tu.

"Noela! Barafu iko wapi?"

"Mashine imegoma, mama."

"Imegoma yenyewe?"

Noela alitazama sakafu. "Ndiyo. Yenyewe."

Mama yake aliwapanga samaki juu ya barafu iliyokuwepo, wengine wakabaki nje kwa kuwa haikutosha. Kisha akampigia simu fundi Eustace, mtengeneza mafriji wa karibu na stendi.

Fundi alifika saa nane na mkoba wake. Noela alimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," huku macho yake yakiwa kwenye mashine. Aliipapasa ubavuni, akaondoa mkono upesi.

"Ina moto sana. Ilikuwa juani? Au ilifunikwa?"

"Haifunikwi hii," Mama Noela alijibu haraka. "Nilimkataza mwanangu, naye ni msikivu."

Noela alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kama haikufunikwa, basi kompresa imekufa, au gesi imevuja," alisema fundi. "Itanibidi nikate mirija, niipeleke Geita. Mpaka wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Na samaki wa watu?" Mama Noela aliketi kwa kishindo. "Yule wa dukani kumbe ameniuzia kitu kibovu! Kesho nitamfuata, atanitambua. Sasa Mama Vumilia nimwambie nini?"

Alichukua simu, lakini hakubonyeza kitu. Aliitazama tu, na Noela aliona midomo ya mama yake inatetemeka. Hakuwahi kuiona ikitetemeka hivyo. Fundi alitoa chombo cha kukatia mirija, akainama nyuma ya mashine.

"Usikate!" Noela alipaza sauti hadi akajishangaa. Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka.

Fundi alisimama. "Sema, ng'wanone," alimwambia kwa upole, akimwita mwanangu kwa Kisukuma.

"Niliifunika mimi. Niliisukuma kwenye kona, nikaifunika kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi. Ilipopata moto nikakificha. Haikugoma yenyewe."

Mama Noela aliiweka simu chini, akamgeukia binti yake.

Fundi Eustace alirudisha chombo chake mkobani. Aliwasha tochi, akachungulia kwenye matundu ya pembeni, akavuta uzi wa kijani pamoja na vumbi lililoshikana. "Hapa ndipo inapotolea joto," alisema. "Feni ilikosa hewa, mashine ikajizima isiungue. Nami ningekata kitu kizima! Tuisafishe, ipumzike saa moja."

Alisugua matundu kwa brashi. Wakati huo Mama Noela alikagua samaki waliokosa barafu, mmoja mmoja, akifunua mashavu na kunusa. Wawili aliwatenga, akamwambia Noela awafukie nyuma ya nyumba, maana mgeni hapewi samaki wa kubahatisha. Wengine sita walikuwa bado hawajaharibika, akawapaka chumvi na kuwakaanga palepale. Kisha akampigia simu Mama Vumilia, akamweleza yote bila kupunguza. Noela alisikia sauti ya upande wa pili ikipanda, halafu ikishuka. Walikubaliana: baadhi wa kukaanga, waliobaki wabichi.

Saa tisa na nusu fundi aliiwasha mashine, ikiwa na shubiri moja kila upande. Feni ilizunguka. Wote watatu waliikodolea macho, na Noela alihisabu dakika kimoyomoyo. Hatimaye vipande vya barafu vikaanguka kikapuni, ko, ko, ko. Mama Noela alishusha pumzi ndefu.

Fundi alipoondoka, mama alisema, "Kilete hicho kitambaa."

Noela alikileta ameinamisha kichwa. Mama alikigeuza, akakagua mishono kwa nyuma kama wanawake wanavyofanya.

"Umedarizi vizuri," alisema. "Sikiliza, Noela. Kuifunika mashine ni kosa, nilikukataza. Lakini kosa lile lingeisha kwa brashi na saa moja ya kungoja. Uongo ndio uliotaka kukata mashine, ukawaozesha samaki wawili, ukanifanya nimtukane muuza duka asiye na hatia. Ukiharibu kitu, niambie kingali cha moto. Nitakugombeza, ndiyo, lakini tutakiokoa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na kitambaa hiki kesho kitafunika sinia la samaki. Sinia halihitaji kupumua."

Jumamosi, katikati ya vigelegele, Mama Vumilia alipokea sinia na kukishika kitambaa. "Kizuri! Amedarizi nani?"

"Mimi," alijibu Noela. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaanza kumsimulia kitambaa hicho kilifunika nini kabla ya sinia.